Kaburi, bakuli na dadu ya pande 20

Kusini mwa jiji la Tanga, kilomita kama 17 kwa barabara ya Pangani, ipo Tongoni: msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo ya karne nyingi. Kwenye makaburi ya namna ile mafundi wa zamani walipachika bakuli za kauri kutoka Uchina. Bakuli zimekwenda zake, vimebaki vishimo vya duara. Chukua kishimo kimoja cha aina hiyo, kiweke kwenye kaburi la kubuni katika mji wa kubuni, kisha waambie watu wanne waliokaa barazani: "Usiku umeingia. Kishimo hiki kina upana wa bakuli. Ndani hamna vumbi hata chembe, kama vile mtu amekifuta leo leo. Mnafanya nini?"

Mmoja atauliza kama kuna nyayo. Wa pili atageuza sauti, aanze kusema kama mzee wa kijiji anayetaka kujua nani siku hizi anauza bakuli. Wa tatu atasema anaingiza mkono. Wa nne atamdaka wa tatu kabla hajamaliza kusema, na atamdaka kwa mkono wake halisi, juu ya meza, chai ikimwagika.

Huo ndio mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Mtu mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na karatasi inayosema mhusika huyo anaweza nini. Msimulizi anaeleza hali, wachezaji wanasema wanachofanya, na pale ambapo jambo linaweza kwenda huku au kule, dadu inaamua. Ubao si lazima. Mshindi hayupo. Mkasa mmoja unaweza kwenda miezi, Jumamosi hadi Jumamosi.

Ukiuliza watu wanafuata nini humo, wengi watakwambia mapanga, majini na majoka. Siamini. Majoka yamejaa kwenye sinema na kwenye simu, na huko yanaonekana vizuri zaidi kuliko mezani, ambako joka ni kizibo cha soda kilichoandikwa "J". Kinachowaweka watu kwenye mkeka mpaka miguu inakufa ganzi ni lile swali, "mnafanya nini?", likiulizwa na mtu anayesubiri jibu lako kweli, bila kukuwekea A, B na C, halafu jibu lenyewe likawa na bei.

Historia ya mchezo yenyewe inaonyesha hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Minnesota, Marekani, Dave Wesely alikuwa akiendesha michezo ya vita ya mezani, ile ya kusogeza vijisanamu vya askari. Safari moja hakuishia kugawa majeshi. Akawapa wachezaji mtu mmoja mmoja katika mji wa kubuni ulioitwa Braunstein, na kila mtu na lake analolitaka. Wachezaji wakavunja utaratibu wote. Wakaenda pembeni kunong'onezana, wakala njama, wakasalitiana. Wesely akaona mchezo umemharibikia. Wao wakamtaka auandae tena. Mmoja wao, Dave Arneson, akaichukua mbegu ile akaipanda katika nchi yake ya kubuni, Blackmoor, yenye mahandaki chini ya ngome. Yeye na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, ndio waliotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974: boksi moja, vijitabu 3, nakala 1,000 za kwanza. Minong'ono na njama vilitangulia, joka likaja kukuta watu wameshakaa.

Na sisi wenyewe mchezo huu tuna ndugu yake wa karibu, ila hatumtambui. "Kitendawili!" "Tega!" Ukishindwa kukitegua huambiwi jibu bure; unatoa mji. Mtegaji akishapewa Pangani yake atakwenda nayo taratibu: nikaenda Pangani, nikafika, nikapokelewa, nikala nikashiba, nikaagana na watu wa Pangani. Ninyi mlioshindwa mnakaa mnasikiliza anavyojinafasi, ndipo afumbue. Kushindwa kuna bei, na bei hiyo ni tamu kuisikia. Msimulizi akikielewa hicho kipande tu, ameshaelewa nusu ya kazi.

Meza moja, njaa mbalimbali

Kosa la msimulizi mpya ni kudhani meza nzima imekuja kula chakula kimoja, kile anachokipenda yeye.

Kuna mpenda namba. Katika kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons mhusika hupimwa kwa vitu sita: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Mvuto. Njia rahisi ni kugawa namba 15, 14, 13, 12, 10 na 8 upendavyo. Toa 10 kwenye namba, gawa kwa mbili, shusha, upate nyongeza: 15 ni +2, 12 ni +1, 10 ni sifuri, 8 ni -1. Mpenda namba atakaa na hizo sita nusu saa nzima, afute, apange upya, na wenzake watamcheka. Wamwache. Kupanga kule ndiyo kauli yake ya kwanza mezani. Anasema mimi ni mwepesi na mjinga, na mjinga nimeukubali. Asichokipenda ni namba isiyoonekana. Kwa hiyo mshale ukimkosa kwa tofauti ya moja, sema hivyo: "Ungekuwa umevaa ile fulana nyepesi, huu ungekuingia." Hapo ile nusu saa imelipwa.

Kuna mpekuzi. Yeye anataka kujua, basi. Nani amekifuta kishimo, kwa nini, bakuli liko wapi. Huyu hadanganyiki: msimulizi anayebuni ukweli papo hapo atanaswa kikao cha pili, majibu yakianza kugongana. Kwa ajili yake andika kabla, mistari mitatu tu, kwenye daftari lako na si pengine: aliyelichukua ni nani, analitakia nini, na asiposimamishwa atafanya nini usiku wa tatu. Kisha kila siri iwekee dalili tatu, mahali patatu tofauti. Moja wataipita bila kuiona. Moja wataielewa vibaya, wamshike muuza samaki asiye na kosa. Ya tatu ndiyo itakayowafikisha. Mwenye kuweka dalili moja amefunga mlango na ufunguo akautupa baharini, halafu anashangaa kwa nini watu wamekaa kimya.

Kuna mwigizaji, mwenye sauti, kikohozi na kilemba cha mhusika wake. Bagamoyo, penye TaSUBa, chuo cha sanaa, bila shaka watu wa namna hii hawatafutwi kwa tochi. Kasoro yao moja naijua: aliyezoea jukwaa huigiza kwa hadhira, na hapa hadhira hakuna, kuna wenzake watatu wanaosubiri zamu. Dawa si kumkatisha. Mpe mtu wa kuzungumza naye. "Mzee amekusikia, sasa anamgeukia mwenzako: na wewe kijana, unakubaliana na huyu?" Maneno yamehama, hakuna aliyeaibishwa.

Yupo anayetaka kupiga tu. Mpe wa kumpiga kila baada ya saa moja, atatulia.

Na yupo aliyekuja kwa sababu rafiki zake wamekuja. Huyo anaweza kumaliza vikao vitatu hajasema zaidi ya "nami naenda nao", na akawa ndiye wa kwanza kuuliza kikao kijacho ni lini. Msimulizi mwenye hamu ya kufundisha humharibu huyu kwa kumlazimisha: "Haya, na wewe sema kitu!" Mpe kazi badala ya hotuba. Achore ramani, atunze hesabu ya mafuta ya taa. Siku moja ataona taa imebaki na nusu saa na wenzake ndio kwanza wanaingia ndani zaidi, na atasema. Watamsikiliza, maana hesabu anayo yeye.

Dadu inafanya nini hasa

Msimulizi hodari anaweza kusimulia bila dadu, na bibi zetu walifanya hivyo kwa ufasaha usio na mfano. Lakini hadithi ya bibi ni ya bibi. Dadu inaingia ili hadithi isiwe ya mtu. Inapozunguka kwenye sinia, msimulizi naye hajui. Sekunde mbili zile, watu watano wanatazama kitu kimoja na hakuna mwenye habari. Nadhani hakuna kingine mezani kinachofanana nazo.

Kanuni ni fupi. Tupa dadu ya pande 20, ongeza nyongeza yako, ukifikia kiwango cha ugumu umeweza. Ugumu 10 ni jambo rahisi, 15 la wastani, 20 gumu. Mhusika mpya katika fani yake ana nyongeza ya +4 hivi, kwa hiyo jambo la wastani anahitaji 11 au zaidi: nusu kwa nusu. Akisaidiwa vizuri, au akija na mpango wa maana, anatupa mara mbili na kuchukua iliyo kubwa, na nusu inakuwa robo tatu. Huu ndio ufundi niupendao kuliko wote humo. Unamlipa mtu kwa kufikiri, na bado robo moja ya hofu imebaki.

Hesabu hizi ndizo zinazowaangusha wasimulizi bila wao kujua. Tuseme wanne wote wananyata kumpita mlinzi, ugumu 12, kila mmoja na +2. Kila mmoja ana asilimia 55. Ukitaka wote wafaulu, ni 55 mara nne zikizidishana: asilimia 9. Yaani umewaambia mnaweza kunyata, na kumbe hamuwezi. Baada ya mara mbili hakuna atakayejaribu tena, kila kitu kitakuwa vita, na msimulizi atalalamika kwamba wachezaji wake wanapenda fujo. Kanuni yenyewe inasema nusu ya kundi ikifaulu, kundi limefaulu. Hapo inakuwa kama asilimia 76.

Kinyume chake ni kutafuta. Ugumu 12, watu wasio na nyongeza yoyote, mmoja mmoja ana asilimia 45. Ukiruhusu wote wanne watupe, nafasi ya angalau mmoja kuona ni asilimia 91, na kwa nini basi mlitupa? Ruhusu mmoja atafute na mwingine amshikie taa, yule wa kwanza atupe mara mbili. Wawili waliobaki waambie wanasikia kitu nje.

Na kabla ya dadu kuguswa, jiulize: akikosa, nini kitatokea? Kama jibu ni "hakuna", usitupishe. Kufuli ambalo mtu anajaribu, anakosa, anajaribu tena, anakosa, hilo ni foleni. Kufuli ambalo ukikosa linafunguka huku ufunguo wako umekatikia ndani na mtu wa juu amekohoa, hilo ni mji uliotolewa kwenye kitendawili.

Vifaa vya Ngamiani, mtaa wa Tanga

Dadu ya pande 20 usitarajie kuikuta dukani mtaani. Usikate tamaa, hata wenyewe ziliwaishia: mwaka 1979 maboksi ya mchezo huu yalitoka Marekani yakiwa na vipande vya namba vya kuokota badala ya dadu, kwa sababu dadu hazikutosha. Hapa tuna njia mbili nzuri.

Ya kwanza ni vizibo 20 vya soda, vya aina moja, vilivyoandikwa 1 hadi 20 kwa ndani kwa kalamu ya wino mzito, ndani ya kopo la maziwa. Unatikisa, unaingiza mkono, unatoa. Karatasi zilizokunjwa hazifai. Zinatofautiana unene na vidole vya wajanja huzijua mapema. Kizibo kirudishwe kila mara. Kisiporudi, 20 ikishatoka haitarudi mpaka kopo liishe, na mpenda namba atakuwa amekaa kimya anahesabu zilizobaki.

Ya pili ni dadu moja ya ludo na sarafu mbili. Tupa dadu, 6 ikija, rudia. Hiyo ni 1 hadi 5. Sarafu ya shilingi 100 ikilala kichwa juu, ongeza 5. Ya shilingi 200 ikilala kichwa juu, ongeza 10. Kila namba kuanzia 1 hadi 20 ina nafasi sawasawa. Jambo la kuepuka ni kujumlisha dadu tatu za ludo ukidhani ni kitu kilekile. Dadu tatu hukimbilia katikati: 10 na 11 kila moja hutoka mara 27 katika 216, wakati 18 hutoka mara moja tu katika 216. Siku za maajabu zinafutika, na mchezo unakuwa na ladha ya wali usio na chumvi. Programu ya simu inatupa kwa haki, sikatai, lakini namba inaonekana na mtu mmoja aliyeinamia kioo. Zile sekunde mbili za macho ya pamoja hazipo.

Pointi za uhai, yaani majeraha kiasi gani mhusika anaweza kuyahimili, usiziandike mwanzoni. Gawa komwe za bao. Mhusika mpya ana kama 10. Kila akijeruhiwa anazirudisha kwa mkono wake mwenyewe, moja moja, na meza nzima inasikia zikigonga. Karatasi moja kwa kila mtu, penseli yenye ufutio (kalamu ya wino ni balaa, namba hubadilika kila saa), na daftari la hesabu la miraba kwa ajili ya ramani. Kwa kanuni mraba mmoja ni futi 5. Sema hatua mbili, inatosha.

Kitabu kiko kwa Kiingereza na hilo huwatisha watu bure. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi zimewekwa huru, yeyote anaweza kuzinakili, kuzitafsiri na kuzigawa mradi ataje zilikotoka. Ni zaidi ya kurasa 400, usizitoe kopi. Nyingi ni orodha za uchawi na za viumbe. Kikao cha kwanza kinataka sehemu ya vipimo sita, ya kupigana na ya kupumzika tu, na anayezisoma ni msimulizi peke yake. Mezani kiwe Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Msimulizi akianza kusoma kwa Kiingereza na kufasiri, swali la "unafanya nini?" linageuka mtihani wa darasani, na wasiojiamini katika lugha wananyamaza kwanza.

Viumbe navyo vibadili. Yule adui mdogo wa vitabuni aitwaye goblin, kwetu ni kibwengo, na namba zake ziache zilivyo: uhai 7, kinga 15 (namba ambayo pigo lazima liifikie ndipo limpate), anashambulia kwa +4, anajeruhi kwa dadu ya pande sita ongeza 2. Lakini hesabu wangapi. Dhidi ya mhusika mwenye kinga 15 kila kibwengo anapata nusu ya mapigo yake, na pigo moja ni wastani wa 5.5. Vibwengo wanane wataondoa komwe 22 kwa mzunguko mmoja, na kundi zima lina 40. Mizunguko miwili, wamekwisha, na wewe ulidhani umeandaa vita vya kufungulia hamu. Weka wanne. Mmoja akimbie, wa kukimbia ana thamani kuliko wa kufa, maana atafuatwa.

Mapango ya Amboni, kama kilomita nane kaskazini mwa jiji, ni jawabu tayari kwa anayetafuta sura ya handaki: chokaa, popo, vyumba vinavyobana kisha vinafunguka ghafla, na masimulizi ya wenyeji kwamba njia mojawapo inatokea Mombasa. Chukua umbo, harufu na masimulizi. Mizimu halisi ya mahali uiache. Watu wanakwenda kule na haja zao, na si adabu kumfanya mtu achezee dadu kitu ambacho jirani yake anakipelekea udi na ubani.

Majirani, na saa

Jirani atauliza mambo matatu, kwa mpangilio huu: ni kamari? ni uchawi? mitihani lini? Marekani waliyapitia hayo miaka ya 1980, mpaka wazazi wakaunda chama cha kuupinga mchezo. Sisi tusingoje huko. Chezeni barazani, mlango wazi, si chumbani na mshumaa. Hela isionekane mezani, hata ile ya kuchangia kachori, ikusanywe kabla. Wapo wazee wasiotaka dadu kabisa ndani ya nyumba zao kwa sababu za dini, na nyumba ni yao. Ndiyo faida nyingine ya kopo la vizibo, ingawa ni busara kumuuliza mwenye nyumba kuliko kumletea hila. Maneno ya uchawi wa mhusika yawe ya kubuni, kamwe yasiwe aya wala dua. La mitihani halina jibu la kitaalamu.

Ndani ya meza yenyewe, weka katikati kipande cha karatasi chenye alama ya X. Simulizi likifika mahali linapomuumiza mtu (msiba, maji, mtoto, hatujui) anaigusa, na msimulizi anageuza njia bila kuuliza kwa nini. Kisipowekwa, mtu huyo atavumilia kimya na wiki ijayo atakuwa na udhuru.

Watu wanne na msimulizi ndiyo meza nzuri. Piga hesabu ya vita: zamu ya mchezaji ni dakika moja na nusu, ya msimulizi mbili. Wakiwa wanne, mzunguko ni dakika 8 na mtu anangoja sita na nusu. Wakiwa saba, kwa sababu binamu wa fulani naye kaja na huwezi kumfukuza mgeni, mzunguko ni 12 na nusu na mtu anangoja 11. Dakika 11 ni nyingi, simu zitatoka, na simu ikishatoka swali lako litajibiwa kwa "eeh? tumefika wapi?" Wagawe wawe meza mbili, au mgeni apewe vibwengo avicheze yeye upande wa msimulizi. Hupenda sana.

Kinachoua vikundi vingi, kuliko kibwengo na jirani pamoja, ni ratiba. Alasiri hadi magharibi ya Jumamosi ni kama saa mbili na nusu, na inatosha kwa tukio la mazungumzo, pekuapekua moja na vita moja. Anza na waliofika. Ukisema "tungoje wote", utajikuta unaanza saa kumi na moja na nusu na adhana ya magharibi inakukuta kwenye ukurasa wa kwanza. Mhusika wa asiyefika amebaki kambini na homa. Hapati jeraha, hapati hazina. Ramadhani hamia usiku, baada ya tarawehe, watu wakiwa macho wakingoja daku, kama wafanyavyo wa bao na wa keramu.

Kuna na yule anayemwibia mwenzake dhahabu ya mchezoni halafu akijibiwa anasema, "mhusika wangu ndivyo alivyo." Mhusika ni wake, amemtunga yeye, na anaweza kumtunga vingine. Mwambie hivyo kwa upole mkiwa wawili tu mnasukuma baiskeli, si mbele za watu. Msimulizi naye ana ugonjwa wake: amekwisha andika mwisho. Ametunga kwamba bakuli litapatikana mnarani, na wachezaji wameamua kwenda bandarini. Basi atawawekea mvua, kisha ukuta, kisha askari, mpaka waende mnarani. Wataenda. Lakini mmoja wao atakuwa ameshaelewa kwamba swali lile haliulizwi kwa dhati, na akishaelewa hivyo hata joka la kweli halitamrudisha. Hamisha bakuli. Nani anajua lilikuwa mnarani ila wewe?

Dakika kumi kabla ya adhana, simamisha. Usifike kwenye jibu. Simama pale ambapo aliyeingiza mkono kwenye kishimo ameguswa, kutoka ndani, na kitu baridi. Kila mtu aandike nyuma ya karatasi yake mambo mawili, komwe zilizobaki na nani ameshika taa, kwa sababu wiki ijayo kila mmoja ataapa ilikuwa kwake. Karatasi zote na penseli zibaki kwa msimulizi. Zikienda nyumbani zitarudi na hesabu za mdogo mtu. Wao watakuwa wamekwisha toka, wanafungua minyororo ya baiskeli, wa nne akimwambia wa tatu kwamba alimkataza.